Vidole Vinane

Darasa la jioni, Isevya. Mwalimu Kasubi akaandika
x² + 8x + 15
akajifuta chaki kwenye suruali, akasema: Haya, mvunjeni huyu.
Tulikuwa watu wazima kumi na mmoja kwenye madawati ya watoto,
magoti yamekaribia videvu.
Mimi, fundi cherehani wa Kanyenye, nikadhani anatania.
Kitu kimejikalia kizima, nikivunje cha nini?

Akatukaririsha, kama chekechea:
Jumla ikae kati, zao likae mwishoni.
Tafuteni namba mbili.

Moja na kumi na tano. Zao ndilo, jumla kumi na sita. Hapana.
Tatu na tano
kalamu ikasimama.

Baba alikuwa na vidole vitatu mkono wa kushoto,
wa kulia vitano.
Kwa mikono ile nilijifunza kuhesabu,
na wiki ya kwanza ya shule nikachapwa
kwa kuishia nane.

Kazi yake ilikuwa stesheni. Treni ya kutoka Dar ikiingia Tabora
ni yeye aliyeshuka katikati ya mabehewa na taa ya mkono,
akafungua mpira wa upepo, akachomoa pini,
na treni moja ikawa mbili:
haya ya Mwanza, haya ya Kigoma.
Waliolala hawakujua wamegawanywa.
Waliorudi, akawaunganisha, pini juu ya pini,
mpaka usiku ule behewa lisingoje atoe mkono.

(x + 3)(x + 5)

Sikuamini. Nikaenda kuhakiki nyumbani, meza ya kukatia,
chaki ya kushonea juu ya kaniki:
mraba, x kwa x;
ubavuni ukanda wenye upana wa tatu,
chini ukanda wa tano;
na pale kwenye pembe, kanda zikiitana,
kukabaki pengo la kiraka. Tatu kwa tano.
Nane nikaikuta imetawanyika kwenye kanda,
kumi na tano imejikunyata konani.
Miaka ishirini nakata viraka vya namna hiyo,
leo ndiyo naambiwa vina hesabu yake.

Kesho yake nikauliza:
Mwalimu, mbele ya x mraba pana namba gani?
Pana moja. Haiandikwi.
Kwa nini?
Kwa sababu ikizidisha haibadilishi kitu.

Nikakaa. Nikasimama tena.
Hebu iondoe, mwalimu, uweke sifuri,
tuone huo mraba kama utabaki.
Darasa likacheka. Yeye hakucheka.
Mimi nilikuwa namfikiria mama,
alfajiri, zamu ya saa kumi, mvua ya Desemba,
anamfunga baba vifungo vya shati, kimoja kimoja,
kwa kuwa vidole vitatu havikuvimudu.
Barua ya fidia ilitaja mkono, ilitaja tarehe,
ilitaja hata namba ya behewa.

Nikamaliza mazoezi yote ila la mwisho:

x² + 8x + 14

Moja na kumi na nne, kumi na tano.
Mbili na saba, tisa.
Nikajaribu hasi, nikajaribu kwa hasira,
nikageuza daftari kama kitambaa kilichokatwa upande.
Jumla ikae kati. Haikai.
Nane ni ile ile. Kilichopungua ni moja tu, kule mwishoni,
na kitu kizima hakifunguki tena.

Baba naye ulimuuliza usiku ule ulikwendaje
akasema, Ulikwenda.
Ukamuuliza nani alitoa ishara,
akainuka kwenda kutazama kuku.

Mwalimu Kasubi anasema huyu ana njia yake,
tutaipata muhula ujao,
na majibu yake, Nyamizi, usiyatafute vidoleni.